Vikombe 80 vya Fedha: Kumbukumbu ya Askari wa Anga Walioishambulia Tokyo Mwaka 1942

Katika historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia yako mashambulizi ya anga yaliyoleta uharibifu mdogo yakilinganishwa na yale yaliyofuata, lakini ambayo yameacha kumbukumbu iliyodumu kuliko mengi yaliyoyazidi kwa ukubwa. Mojawapo ni lile la tarehe 18 Aprili 1942, ambapo ndege 16 za Marekani, zikiwa na jumla ya askari 80, ziliruka kutoka juu ya manowari iliyokuwa katika Bahari ya Pasifiki zikaenda kuishambulia Tokyo na miji mingine ya Japani. Shambulio hilo hujulikana kwa jina la kamanda wake, Luteni Kanali James Doolittle, na watu waliolitekeleza walikumbukwa kwa zaidi ya miaka 70 kwa utaratibu ambao wao wenyewe waliuanzisha na kuuhifadhi. Makala haya yanaeleza jinsi shambulio lilivyopangwa na kutekelezwa, jinsi kumbukumbu yake ilivyojengwa, na kwa nini kumbukumbu hiyo, pamoja na uzuri wake, ilichelewa mno kuwatambua watu waliolipa gharama kubwa kuliko wote, yaani wanavijiji wa China ya mashariki.

Asili ya shambulio hilo ni tarehe 7 Desemba 1941, siku ambayo Japani iliishambulia kambi ya jeshi la majini la Marekani ya Pearl Harbor, katika visiwa vya Hawaii. Miezi iliyofuata ilikuwa ya maafa kwa Marekani na washirika wake, kwani Hong Kong ilianguka kabla mwaka haujaisha, Singapore ikasalimu amri mwezi Februari 1942, na tarehe 9 Aprili majeshi ya Marekani na Ufilipino yaliyokuwa rasi ya Bataan yakaweka silaha chini. Rais Franklin Roosevelt alikuwa amewataka makamanda wake watafute njia ya kuipiga Japani nyumbani kwake mapema iwezekanavyo, si kwa kutarajia kwamba shambulio moja lingebadilisha uwiano wa nguvu, bali kwa sababu raia wa Marekani walihitaji kuona kwamba adui anaweza kufikiwa, na raia wa Japani, ambao walikuwa wameahidiwa na viongozi wao kwamba nchi yao haitaguswa, walihitaji kuanza kuitilia shaka ahadi hiyo.

Kikwazo kilikuwa umbali. Ndege ndogo zilizozoea kuruka kutoka kwenye manowari za kubebea ndege, yaani meli za kivita ambazo sitaha yake ya juu hutumika kama uwanja wa ndege, zilikuwa na masafa mafupi, hivyo manowari ingelazimika kuikaribia Japani kiasi cha kujitia hatarini. Wazo lililovunja kikwazo hicho lilitolewa mwezi Januari 1942 na Kapteni Francis Low, afisa wa nyambizi, ambaye alipokuwa Norfolk, Virginia, aliona uwanja wa ndege uliochorwa umbo la sitaha ya manowari kwa ajili ya mazoezi ya marubani wa majini. Low alijiuliza iwapo ndege kubwa za jeshi la nchi kavu zenye injini mbili, ambazo zina masafa marefu zaidi, zingeweza kuruka kutoka katika eneo dogo namna hiyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege aina ya B-25 ingeweza kuruka, ingawa isingeweza kurudi na kutua juu ya sitaha hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo ilipangwa kwamba ndege zikishamaliza kudondosha mabomu ziendelee upande wa magharibi hadi China, zikatue katika viwanja vilivyokuwa bado mikononi mwa serikali ya Chiang Kai-shek.

Kazi ya kuandaa kikosi alikabidhiwa Doolittle, mzaliwa wa Alameda, California, ambaye licha ya sifa zake za urubani wa mashindano alikuwa pia msomi mwenye shahada ya uzamivu ya uhandisi wa anga aliyoipata mwaka 1925. Mwaka 1929 alikuwa rubani wa kwanza kuruka na kutua kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege peke yake, bila kuona nje. Askari wake walijitolea kwa hiari bila kuambiwa wanakwenda wapi, wakafanya mazoezi katika uwanja wa Eglin, Florida, kuanzia Machi 1942, wakifundishwa na afisa wa majini, Luteni Henry Miller, namna ya kuipandisha hewani ndege nzito baada ya mbio fupi sana. Ndege zenyewe zilibadilishwa kwa kuondolewa mzinga wa tumboni na kuongezwa matangi ya mafuta, hata uwezo wake ukapanda kutoka takriban lita 2,400 hadi takriban lita 4,300. Kwa kuwa hazikuwa na bunduki za mkiani, ziliwekewa vijiti vya ufagio vilivyopakwa rangi nyeusi ili marubani wa adui wadhani ni bunduki. Kifaa cha siri cha kulengea mabomu kiliondolewa kisije kikaangukia mikononi mwa Wajapani, na mahali pake kikawekwa kifaa sahili kilichobuniwa na mmoja wa marubani wenyewe, Kapteni Ross Greening, ambacho gharama yake ilikuwa senti 20.

Tarehe 2 Aprili 1942 manowari ya kubebea ndege USS Hornet iliondoka ghuba ya San Francisco ikiwa na ndege hizo 16 zilizofungwa juu ya sitaha, na baadaye baharini ikaungana na manowari nyingine, USS Enterprise, chini ya Makamu Admirali William Halsey. Mpango ulikuwa kuikaribia Japani hadi masafa salama, kisha ndege ziruke jioni, zishambulie usiku na kufika China alfajiri. Hata hivyo asubuhi ya tarehe 18 Aprili msafara ulionwa na boti ya doria ya Kijapani, Nitto Maru, ambayo ilituma taarifa kwa redio kabla ya kuzamishwa. Halsey na Doolittle waliamua ndege ziruke papo hapo, ingawa zilikuwa takriban kilomita 1,200 kutoka Japani, saa 10 kabla ya muda uliopangwa, na umbali wa ziada uliobaki ulikuwa zaidi ya kilomita 300. Kila aliyekuwamo alifahamu maana ya uamuzi huo, kwani mafuta yaliyopimwa kwa uangalifu kwa safari fupi zaidi sasa yalitakiwa kutosha safari ndefu.

Doolittle aliruka wa kwanza saa 2:20 asubuhi, akiwa na sitaha ya mita 142 tu mbele yake, huku bahari ikiwa imechafuka na manowari ikielekezwa upande upepo unakotoka ili upepo uisaidie ndege kuinuka. Katika muda wa saa moja hivi ndege zote 16 zilikuwa angani, jambo ambalo hakuna hata mmoja wa marubani hao aliyewahi kulifanya kutoka kwenye manowari halisi, kwa kuwa mazoezi yote yalikuwa yamefanyika nchi kavu. Kila ndege ilikuwa na watu watano, yaani rubani, rubani msaidizi, mwongoza njia, mdondosha mabomu na fundi ambaye pia alikuwa mpiga bunduki, na ilibeba mabomu manne ya takriban kilo 225 kila moja. Kuanzia mchana wa siku hiyo walishambulia Tokyo, Yokohama, Yokosuka, Nagoya na Kobe, wakilenga viwanda, maghala ya mafuta na bandari. Uharibifu haukuwa mkubwa, lakini watu wapatao 50 waliuawa na mamia wakajeruhiwa, wakiwamo raia, na shule ni miongoni mwa mahali palipopigwa.

Hakuna ndege iliyotunguliwa juu ya Japani, lakini hakuna iliyotua salama China pia. Ndege moja, ambayo ilikuwa imetumia mafuta mengi kupita kiasi, ilielekea karibu na Vladivostok katika Umoja wa Kisovieti, ambao wakati huo haukuwa vitani na Japani, na wafanyakazi wake wakazuiliwa huko kwa zaidi ya mwaka mmoja hadi walipofika Iran mwezi Mei 1943. Nyingine 15 zilisukumwa na upepo mzuri hadi pwani ya China, zikafika usiku, katika mvua na mawingu, bila redio ya kuziongoza hadi viwanjani, na mafuta yakiwa yanaisha. Baadhi ya marubani waliziteremsha ndege majini au ufukoni, na wengine wakaruka kwa parachuti gizani wasijue chini yao kuna mlima, ziwa au adui. Koplo Leland Faktor alikufa aliporuka, na Sajini William Dieter na Sajini Donald Fitzmaurice walikufa ndege yao ilipoanguka baharini karibu na pwani. Askari wanane walikamatwa na Wajapani na kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Shanghai. Watatu kati yao, Luteni Dean Hallmark, Luteni William Farrow na Sajini Harold Spatz, walipigwa risasi tarehe 15 Oktoba 1942, na wa nne, Luteni Robert Meder, akafa gerezani mwaka 1943 kwa maradhi na utapiamlo. Wanne waliobaki walikombolewa mwezi Agosti 1945.

Doolittle mwenyewe, alipoyatazama mabaki ya ndege yake mlimani na kujua kwamba amepoteza ndege zote alizokabidhiwa, aliamini kwamba atashtakiwa kijeshi, lakini nchini Marekani habari ilipokelewa kwa shangwe, naye akapandishwa cheo kuwa brigedia jenerali na kupewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake. Roosevelt alipoulizwa ndege zilikotoka alijibu kwamba zilitoka Shangri-La, nchi ya kubuni iliyomo katika riwaya, ili kuficha siri ya manowari. Upande wa Japani, aibu ya kushambuliwa kwa mji wa mfalme iliuondoa upinzani uliokuwa umesalia dhidi ya mpango wa Admirali Isoroku Yamamoto wa kuivamia Midway, na katika vita vya huko mwezi Juni 1942 Japani ilipoteza manowari nne za kubebea ndege. Wanahistoria hawakubaliani kuhusu uzito wa shambulio la Doolittle katika uamuzi huo, kwa kuwa mpango wenyewe ulikuwapo kabla, ila ni wachache wanaokanusha kwamba shambulio hilo liliuharakisha.

Matukio hayo yaligusa pia Afrika Mashariki kwa njia ambayo aghalabu husahauliwa. Mapema mwezi huo huo wa Aprili, kundi la manowari za Japani chini ya Makamu Admirali Chuichi Nagumo lilikuwa limeingia Bahari ya Hindi, likaishambulia Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9, na kuizamisha manowari ya kubebea ndege ya Uingereza, HMS Hermes. Kwa hofu ya kuangamizwa kabisa, sehemu ya kundi la meli za Uingereza la mashariki iliondolewa Ceylon na kuhamishiwa Kilindini, Mombasa, ambapo bandari ya Kenya iligeuka ghafla kuwa ngome ya kuilinda bahari nzima. Nagumo alikuwa njiani kurudi nyumbani wakati Doolittle alipoishambulia Tokyo, na meli zake ziliamriwa kuwasaka Wamarekani bila mafanikio. Kati ya manowari nne zilizozama Midway miezi miwili baadaye, tatu, yaani Akagi, Soryu na Hiryu, ndizo zilizokuwa zimeleta hofu hiyo katika Bahari ya Hindi.

Kumbukumbu ya askari hao ilianza na wao wenyewe. Vita vilipoisha Doolittle aliwaalika waliosalia mjini Miami mwezi Desemba 1945, na mkutano huo ukazaa desturi iliyofanyika karibu kila mwaka mwezi Aprili katika miji mbalimbali ya Marekani. Mwaka 1959 jiji la Tucson, Arizona, liliwazawadia vikombe 80 vya fedha vyenye shina, kila kimoja kikiwa na jina la askari mmoja lililochongwa mara mbili, moja likisomeka kikombe kikiwa wima na jingine likisomeka kikiwa kimepinduliwa. Katika kila mkutano waliohudhuria walijitenga faraghani, wakaita majina, wakainua vikombe kwa heshima ya wenzao waliotangulia, kisha wakapindua vikombe vya wale waliokuwa wamefariki tangu mkutano uliopita. Pamoja na vikombe hivyo ilihifadhiwa chupa ya konyaki, yaani mvinyo mkali wa Kifaransa, iliyotengenezwa mwaka 1896, mwaka aliozaliwa Doolittle, kwa makubaliano kwamba itafunguliwa na wawili wa mwisho watakaobaki hai.

Nguvu ya desturi hiyo ilikuwa katika usawa na ukamilifu wake. Vikombe havikutofautishwa kwa cheo, hivyo koplo aliyekufa usiku ule ule wa kwanza alikuwa na kikombe sawa na cha jenerali aliyeishi hadi mwaka 1993. Waliouawa Shanghai, waliozuiliwa Umoja wa Kisovieti na waliokufa katika mapambano ya baadaye, kama Sajini Paul Leonard, fundi wa ndege ya Doolittle, aliyeuawa nchini Algeria mwezi Januari 1943, wote walihesabiwa pamoja na waliokufa kwa uzee. Jamii nyingi huwakumbuka wapiganaji wao kwa jumla. Mathalani sanamu ya askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza haikutaja jina la hata mmoja wao. Katika kabati la vikombe vya Tucson, kinyume chake, hakuna mtu aliyefichwa ndani ya kundi.

Wakati ulipofika, masharti ya awali yalilegezwa. Mwaka 2013 walikuwa wamebaki wanne, Richard Cole, Robert Hite, Edward Saylor na David Thatcher, nao kwa sababu ya uzee waliamua wasisubiri hadi wabaki wawili. Tarehe 9 Novemba mwaka huo, katika jumba la makumbusho la jeshi la anga karibu na Dayton, Ohio, ambako vikombe vilikuwa vimehamishiwa mwaka 2006, chupa ilifunguliwa na watatu kati yao wakanywa, kwa kuwa Hite alizuiwa na ugonjwa kusafiri. Mwaka 2015 kikosi kilikabidhiwa nishani ya dhahabu ya bunge la Marekani. Cole, aliyekuwa rubani msaidizi wa Doolittle, alikuwa wa mwisho kufariki, tarehe 9 Aprili 2019, akiwa na umri wa miaka 103, na kikombe chake kikapinduliwa siku chache baadaye, katika kumbukumbu ya mwaka wa 77 wa shambulio.

Upande wa pili wa historia hii uko katika mikoa ya Zhejiang na Jiangxi. Askari walioanguka huko walipokelewa na wakulima, wavuvi, wapiganaji wa msituni, walimu na wamisionari, ambao waliwaficha, wakawabeba majeruhi kwa machela za mianzi, wakawapeleka salama hadi maeneo yasiyokaliwa na adui. Luteni Ted Lawson, aliyejeruhiwa vibaya ndege yake ilipoanguka ufukoni, alikatwa mguu katika hospitali ndogo ya Kichina na mwenzake wa kikosi aliyekuwa daktari, na akaishi kuandika kitabu kilichotengenezewa filamu mwaka 1944. Wengi wa waliookolewa walifika Chongqing, makao ya serikali ya China, kwa msaada wa watu ambao hawakuielewa hata lugha yao.

Serikali ya Chiang Kai-shek, ambayo Wamarekani waliificha sehemu kubwa ya mpango kwa hofu ya siri kuvuja, ilikuwa imehofia kisasi, na kisasi kilikuja. Kuanzia katikati ya Mei hadi Septemba 1942 jeshi la Japani liliendesha kampeni katika mikoa hiyo miwili kwa lengo la kuviharibu viwanja vya ndege na kuwaadhibu walioshukiwa kuwasaidia Wamarekani. Vijiji vilichomwa, wanawake wakabakwa, mifugo na mavuno yakateketezwa, na mji wa Nancheng ukaangamizwa kwa moto baada ya kukaliwa kwa takriban mwezi mmoja. Taarifa za wamisionari zinasimulia habari za mwanamume aliyemhifadhi askari mmoja wa anga, ambaye alizungushiwa blanketi lililoloweshwa mafuta ya taa, kisha mkewe akalazimishwa kuliwasha. Wajapani walipokuwa wakiondoka, kitengo chao cha silaha za kibiolojia, yaani silaha zinazotumia vijidudu vya maradhi, kilieneza kipindupindu na homa ya matumbo katika visima na mashamba, na maradhi hayo yakawaua hata askari wao wenyewe. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ya Wachina waliokufa katika kampeni hiyo ni watu 250,000.

Kwa miaka mingi idadi hiyo haikuwa sehemu ya simulizi iliyofahamika Marekani, ambako kitabu na filamu viliwaonyesha Wachina kama waokoaji wema lakini havikuweza kuonyesha, au havikuonyesha, yaliyowapata baadaye. Askari wenyewe hawakuwasahau kabisa. Liu Tung-sheng, mhandisi wa Kichina aliyewasindikiza baadhi yao na kuwatafsiria njiani, ambaye baadaye alihamia Marekani, walimhesabu kuwa mwenzao wa heshima, na mwaka 1992, katika kumbukumbu ya miaka 50, baadhi ya waokoaji walialikwa Marekani. Mjini Quzhou, mkoani Zhejiang, ambako ndege zilitarajiwa kutua, lilifunguliwa mwaka 2018 jumba la makumbusho linaloeleza habari za shambulio na za wenyeji walioteseka kwa ajili yake.

Hata upande wa Japani ulipata nafasi yake kwa njia isiyotarajiwa. Jacob DeShazer, mdondosha mabomu wa ndege ya mwisho, aliyeishambulia Nagoya na kukaa gerezani kwa miezi 40, mingi yake akiwa peke yake, alirudi Japani mwaka 1948 akiwa mmisionari, akahubiri kwa miongo mitatu, na Nagoya yenyewe ikawa miongoni mwa miji aliyofanyia kazi. Maandishi yake yalimfikia Mitsuo Fuchida, rubani aliyeongoza mashambulizi ya Pearl Harbor, ambaye naye aliukubali Ukristo, na watu hao wawili wakafahamiana.

Ushujaa wa askari 80 waliopanda ndege bila uhakika wa mahali pa kutua hauhitaji kupunguzwa ili haki itendeke kwa wengine, na desturi yao ya kutaja kila jina inabaki kuwa mfano mwema wa namna ya kuwaheshimu wapiganaji. Lakini kipimo cha haki walichojiwekea wao kwa wao ndicho kinachodai kwamba gharama ya tarehe 18 Aprili 1942 ihesabiwe yote, pamoja na raia waliouawa katika miji ya Japani na Wachina waliokufa kwa kisasi, ambao wengi wao hawakujua lolote kuhusu mpango huo na hakuna aliyewauliza kama wako tayari kuulipia. Historia inayoandikwa kuhusu shambulio hilo bila kuzitaja Zhejiang na Jiangxi ni historia pungufu, na jukumu la kuijaza ni la kila anayeisimulia.